Adabu ya Kuzuru Visiwa: Mhadhara juu ya Sanaa na Majengo ya Rusinga na Mfangano



Maudhui niliyokabidhiwa jioni hii ni ziara ya utamaduni, na hasa ziara ile ya jumla, ambayo watu ishirini au thelathini hufunga safari chini ya kiongozi mmoja, wakavuka maji kwenda kisiwa kisicho chao, kwa nia ya kutazama sanaa na majengo ya wenyeji. Desturi hii imeenea ulimwenguni. Katika visiwa vya Karibi makundi humiminika Havana, ambayo sehemu yake ya kale iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na Willemstad katika kisiwa cha Curaçao, ulioingizwa mwaka 1997, yakatembezwa chini ya roshani na mbele ya kuta zilizopakwa rangi za kila namna, yakaelezwa nani alijenga, lini, na kwa mali ipi. Na kiongozi akiwa mwadilifu hakosi kuongeza kwamba sehemu kubwa ya mali hiyo ilichumwa kwa jasho la Waafrika waliouzwa, maana katika nchi zile ni dhuluma kuisifu roshani na kumsahau aliyebeba mawe yake. Huku kwetu makundi ya namna hiyo huenda Lamu, ambayo Mji wake wa Kale uliingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2001, yakarudi yakisimulia milango ya nakshi, na madaka, na vidaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani katika nyumba za mawe.

Mimi sina neno na Lamu. Ninalostaajabia ni kumwona mtu wa Otonglo, ambaye upepo wa ziwa humfikia hata akiwa sokoni, akiweka akiba mwaka mzima apate nauli ya pwani, ilhali visiwa viwili vyenye sanaa ambayo chimbuko lake ni la kale mno viko mwendo wa nusu siku kutoka mlangoni pake. Njia si ngumu. Hushika barabara ya Busia hadi Kisian, ukakata kushoto kuelekea Bondo, ukaiacha njia hiyo Ndori na kuteremka mpaka Luanda Kotieno, ambako feri huvusha watu, magari na magunia hadi Mbita. Ukiisha fika Mbita, Rusinga iko ng'ambo ya daraja, na Mfangano iko mbele zaidi, safari ya mashua. Zamani Rusinga iliunganishwa na bara kwa tuta la mawe na udongo, lililowafaa wenye miguu na kuwadhuru samaki, kwa kuwa lilifunga mkondo wa maji baina ya kisiwa na nchi kavu. Sasa pana daraja, maji yanapita chini na watu juu, na hilo nalo ni jengo linalostahili kutazamwa na mtu anayejifunza namna binadamu anavyopatana na maji.

Lakini kabla hatujavuka nataka niseme kinaganaga jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Mgeni wa Lamu au Havana huikuta sanaa imekwisha wekwa tayari kwa ajili ya macho: mlango uko barabarani, roshani iko juu ya kichwa, na hata mwenye nyumba akiwa hayupo, nakshi inaonekana. Sanaa ya visiwa vya ziwa letu haiko hivyo. Ina wenyewe, nao ni koo na wazee; aghalabu imefichwa; na nyingine haikukusudiwa kutazamwa na kila mtu, bali ilikusudiwa kutumiwa na watu maalumu katika siku maalumu. Kwa sababu hiyo nadai kwamba kundi linalokwenda huko kama watazamaji litarudi halikuona kitu, na pengine litaharibu. Bali likienda kama wageni, kwa maana ile ya Kiafrika ya mtu anayebisha hodi, akangoja kuitikiwa, na akakaa pale alipoonyeshwa, litaona mengi.

Tuanze na Rusinga. Kisiwa hiki kina umaarufu wa namna mbili, na wa kwanza nitaupita upesi kwa kuwa hauhusu sanaa: mwaka 1948 Mary Leakey aliokota huko fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita, na tangu hapo wataalamu hawajaacha kuchakura makorongo yake. Wageni hupenda kupigwa picha penye makorongo hayo, ingawa fuvu lenyewe halipo, na hapana cha kutazama ila udongo uliomomonyoka na jua kali.

Umaarufu wa pili ni kaburi la Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 huko Kilima Mbogo, mbali na ziwa, katika shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake. Aliuawa kwa risasi katika barabara ya Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, umri wake miaka 38. Akazikwa Rusinga, kwenye asili ya wazee wake. Juu ya kaburi lilijengwa jumba ambalo umbo lake ni la risasi, mviringo chini na ncha juu, na mtu akiliona kutoka mbali hahitaji kuelezwa. Nimesimama mbele ya jumba hilo zaidi ya mara moja, na kila mara nimetoka na nyoyo mbili. Moyo mmoja hulisifu, kwa sababu mjenzi alithubutu kuiweka silaha ya muuaji mahali pa wazi, isisahauliwe, wala asiweze mtu kupita pale na kusema kuwa marehemu alikufa kwa homa. Moyo wa pili hulilaumu, kwa sababu umbo la nje limempa mauti nafasi yote, na uhai wa mtu yule, ambao ulikuwa mkubwa kuliko kifo chake, umeachiwa chumba cha ndani. Humo ndani mna picha zake na baadhi ya vitu vyake, na mgeni mwenye subira atakumbushwa habari za vyama vya wafanyakazi, na safari ya wanafunzi waliopelekwa Marekani kwa ndege mwaka 1959, kundi la kwanza likiwa la vijana 81, ambao wengi wao walirudi wakashika kazi za nchi mpya. Mimi ningemshauri kiongozi wa ziara awaingize watu ndani kwanza, kabla hawajaruhusiwa kulizunguka jengo kwa nje. Wamjue mtu, ndipo waione risasi.

Na wasiingie wote kwa mara moja. Jumba lile halikujengwa kwa ajili ya halaiki, na watu thelathini wakijisukuma humo, kumi huona na ishirini huona migongo. Fauka ya hayo, pale ni bomani kwa watu. Kuna jamaa, kuna kuku, kuna nguo zimeanikwa. Nimepata kuona kundi likiteremka garini na kwenda moja kwa moja kaburini bila kumwamkua mama mzee aliyekuwa ameketi kivulini hatua chache tu kutoka njiani, na kundi lile lilikuwa la watu wenye elimu.

Nikilitaja boma nafikia jengo ambalo ni la thamani kuliko mnara wowote wa Rusinga, nalo hupitwa na kila ziara kwa kuwa limezoeleka mno: dala, yaani boma la Mjaluo, ambalo Wasuba wa visiwani nao walilishika pamoja na lugha ya jirani zao. Wengi wenu mmezaliwa ndani yake, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiwaeleza nyumba yenu wenyewe. Lakini mtu aliyezaliwa nyumbani hujua tu pa kupita, na ni mgeni anayeuliza kwa nini njia imepita pale. Mtu anapokwenda kuanzisha boma jipya huondoka alfajiri, yeye amechukua jogoo, mwanawe wa kwanza amechukua shoka, na mkewe amechukua moto. Na nyumba haiwekwi pale tu palipo na kivuli au mandhari, bali huwekwa kwa mujibu wa cheo. Ya mikayi, mke wa kwanza, hukaa juu ikilitazama lango. Ya mke wa pili na ya wa tatu huwa pembeni, kila moja upande wake. Na simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, huwa chini karibu na lango. Basi mtu mwenye kujua akisimama langoni huweza kukuambia, kabla hajasalimiwa na yeyote, nani ni mkubwa wa nani, nani ameoa, na nani bado. Juu ya paa la nyasi, penye kilele, husimamishwa mti mwembamba, osuri, na mwenye boma akifariki mti huo huondolewa, hata mpita njia akitupa jicho juu ya paa hupata habari ya msiba bila kuuliza.

Hapa Otonglo nyasi zimekwisha na mabati yametawala, nyumba zimekuwa za pembe nne, na madirisha yana vioo. Walakini chukueni kamba mkapime katika maboma ya nyuma ya soko, mtaona kwamba nyumba ya mkubwa bado iko mahali pa mkubwa, na simba bado iko karibu na lango. Vifaa vya ujenzi vimebadilika lakini sheria ya ramani imebaki. Kwa mizani yangu huo ni usanifu hasa, na mtu anayetaka kujifunza afadhali aanze katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ambamo limejengwa boma zima la kienyeji na unaweza kuzunguka bila kumsumbua mtu. Kisha akivuka kwenda Rusinga atayasoma maboma ya watu kwa macho kutoka njiani, wala hatahitaji kuingia uani kwa mtu na kumwuliza mkewe ni wa ngapi.

Sasa tuvuke kwenda Mfangano, ambako ndiko moyo wa mhadhara huu uliko.

Mashua huondoka Mbita, na ni vyema ziondoke asubuhi. Ni za mbao, ndefu, zimepakwa rangi nyekundu, buluu, kijani na manjano, na ubavuni zina majina na maneno ya hekima, ya dini, ya mpira na ya mzaha. Na ikiwa kiongozi wa ziara ana akili atawaacha watu wake nusu saa ufukweni wazisome, maana hii ndiyo sanaa pekee ya ziwani ambayo mwenyewe ameiweka hadharani kwa makusudi ya kusomwa, naye hufurahi ukimwuliza. Mfangano yenyewe huanza kuonekana kama mlima uliosimama majini, na kwa kweli ni mlima: kilele chake, Kwitutu, kina kimo cha mita 1,694 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lenyewe likiwa kiasi cha mita 1,134, hesabu nyepesi itakuonyesha jinsi kisiwa kilivyopanda ghafla. Wakazi wake ni Wasuba, ambao mapokeo yao husema wazee wao walitoka upande wa Uganda katika karne ya 18, wakifika kwa mitumbwi. Na leo wengi wao husema Kijaluo, hata Olusuba imebaki lugha inayotafutiwa dawa, ikiwa ni pamoja na kurushwa hewani na kituo kidogo cha redio papo hapo kisiwani.

Lakini kabla ya Wasuba na kabla ya Wajaluo palikuwa na watu wengine, wawindaji na waokota matunda, ambao wenyeji na wataalamu huwaita Watwa. Hao ndio waliochora katika majabali ya Mawanga na Kwitone. Mtu aliyezoea kusikia habari za michoro ya mapangoni hutarajia wanyama, pundamilia wanaokimbia na watu wenye pinde, kama ile inayopatikana Kondoa Irangi katika Tanzania. Hapa hapana mnyama wala mtu. Kuna duara ndani ya duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe zikifuatana, na nyingine zimetoka miale pande zote kama jua. Kuna mizunguko iliyojikunja. Na ukisogea karibu, bila kugusa, utaona kwamba mstari una upana wa kidole, kwa sababu ulichorwa kwa kidole. Nyekundu ni ya udongo wenye kutu ya chuma, na nyeupe ni ya udongo mweupe. Jabali limeinama juu likawa paa, na kwa hiyo mvua haikuufikia ukuta; rangi imekaa mamia na pengine maelfu ya miaka mahali ambapo rangi ya duka, iliyopakwa juzi, ingekuwa imekwisha banduka.

Kinachonistaajabisha zaidi ni kwamba duara hizo haziko Mfangano peke yake. Ziko Kakapel katika Busia, karibu na mpaka, mahali palipotangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 2004. Ziko Nyero katika nchi ya Teso ya Uganda. Na jamaa zake wanapatikana kusini na magharibi hadi Zambia na Kongo. Kwa hiyo mtu aliyekaa chini ya jabali la Mawanga akayatazama maji, alikuwa na elimu moja na mtu aliyekaa chini ya jabali la Nyero, safari ya siku nyingi kwa miguu, minghairi ya barua wala barabara. Maana ya duara ilikuwa nini, kila kiongozi atakuambia lake. Lililo hakika ni kwamba Wasuba walipofika na kuikuta michoro hawakuifuta wala hawakuipuuza. Waliiheshimu kuwa mahali penye nguvu, na wazee wa koo wakawa wakienda huko kuomba mvua.

Na hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Tuna Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006, nayo ni sheria njema. Lakini michoro ya Mfangano haikulindwa na sheria hiyo, kwani ilikuwa imekwisha kaa salama muda mrefu kabla mwandishi wa sheria hajazaliwa. Ililindwa na taadhima na khofu. Hakuna aliyekwenda Kwitone kwa mchezo, wala mchungaji hakuwasha moto chini ya jabali lile apate joto. Shirika la TARA la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1996 na mpiga picha David Coulson kwa kazi ya kuhifadhi michoro ya mwambani katika Afrika, lilipofika Mfangano liliikuta michoro katika hali njema, ilhali mahali pengine penye michoro kama hiyo watu wameandika majina yao kwa makaa juu ya kazi ya mababu. Wenyeji nao wakaanzisha Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, ambayo huwapokea wageni na kuwapa kiongozi wa kuwapandisha mlimani, na hivyo mapato yakaanza kubaki kisiwani.

Sasa angalieni hatari ilivyojificha. Khofu imepungua, kwa sababu vijana wamesoma na makanisa yamewafundisha kwamba mvua haitoki jabalini. Na mgeni, hata akiwa mpole kiasi gani, huipunguza zaidi kwa kuja tu, maana mahali palipokuwa pa wazee watatu kwa mwaka pamekuwa pa watu thelathini kwa Jumamosi. Ada ya kiingilio imechukua mahali pa khofu. Ada ni mlinzi mzuri maadamu wageni wanakuja. Lakini mwaka wageni wasipokuja, kama ilivyokuwa mwaka 2020 maradhi yalipofunga dunia, mlinzi huyo hana mshahara, na yule wa kale tumekwisha mwachisha kazi.

Aidha wapo wageni wanaodhuru kwa mapenzi. Mmoja huona duara imefifia, akaimwagia maji ya chupa ili rangi iwake apate picha, naye hajui kwamba maji hayo huivuta chumvi ya jiwe ikatoka juu ya rangi na kuibandua. Mwingine huweka kiganja juu ya mchoro ili apimane na mtu wa kale. Watu kumi huweza kuangaliwa na kiongozi mmoja. Thelathini hawawezekani, kwa kuwa njia ya kupanda Kwitone ni nyembamba, wa kwanza hufika huku wa mwisho angali akihema bondeni, na hao wa kwanza hukaa na jabali peke yao, na simu mkononi.

Wakati wa jioni, giza likiisha ingia na ikiwa mwezi haujatoka, keti juu ya kilima utazame ziwa. Wavuvi wa omena huwa wamewasha taa zao, mamia kwa mamia, na maji yote yakawa kama mji uliowashwa taa za barabarani. Silitaji hili kwa ajili ya uzuri wake tu. Nalitaja kwa sababu ziara nyingi hurudi Mbita siku hiyo hiyo, kwa kubana gharama, na kwa hiyo wageni humkosa mzee wa kisiwa katika saa anayopenda kuzungumza, ambayo ni baada ya chakula cha usiku. Wakamkuta saa sita za mchana, ana kazi zake, akawajibu maneno mawili na kuwapisha wapande mlima.

Kuna shauri moja lililobaki, nalo lina ubishi hata kisiwani kwenyewe: fedha ni za nani? Wapo wasemao ziwe za makumbusho, kwa kuwa ndiyo yenye daftari na kiongozi. Wapo wasemao ziwe za ukoo wenye jabali, kwa kuwa ndio uliolinda. Na wapo wasemao turathi ni ya taifa, basi na fedha ni za taifa. Mimi, bila kumvunjia mtu heshima, naona ukoo una haki ya kutangulia. Aliyelinda bila mshahara kwa vizazi vingi asiambiwe leo, fedha zilipotokea, kwamba mali ilikuwa ya wote tangu mwanzo.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, ombi langu kwa kamati inayoandaa safari ya mwezi ujao ni hili. Watu waliojiandikisha wagawanywe makundi ya kumi kumi, na kila kundi lilale Mfangano usiku mmoja. Wengine wawe Rusinga wakati wenzao wako mlimani. Ada ilipwe makumbusho, kwa risiti, na fungu la wazee wa ukoo litajwe katika risiti hiyo hiyo kwa maandishi, lisitolewe kwa kificho nyuma ya nyumba kama bahashishi. Chupa za maji ziachwe chini ya kilima, isipokuwa ya kiongozi. Na mashua ya kurudi iondoke kabla ya saa sita, kwa sababu baada ya adhuhuri upepo wa ziwa hupanda, na nahodha asiyethubutu kuwakatalia wageni wake ni wa kuogopwa kuliko mawimbi yenyewe.